Nani Aliahidi Kuinunua Shahada?

Mwezi Juni mji wa Singida hunukia mashudu. Alizeti imekwisha kuvunwa, magunia yanaingia kutoka Ikungi, Mkalama na Iramba, na mashine za kukamua mafuta zinanguruma tangu alfajiri hadi usiku. Nilikuwa kwenye mojawapo ya mashine hizo, pembezoni mwa mji, nikisubiri zamu ya magunia manne ya mama yangu, pale kijana aliyekuwa akisoma mizani aliponiamkia: "Shikamoo mwalimu. Ulitufundisha mbinu za utafiti, mwaka wa pili." Nilimkumbuka sura, jina lilinipotea. Alihitimu shahada ya ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili, mwaka 2018. Tangu hapo ameomba ajira serikalini kila dirisha lilipofunguliwa, amejitolea miaka miwili katika sekondari ya kata, na sasa anapima alizeti, kazi ambayo, aliniambia bila kinyongo, inamlipa vizuri kuliko ile posho ya kujitolea.

Mzee mmoja aliyeketi juu ya gunia lake alikuwa akitusikiliza. "Mwalimu," akasema, "huyu kijana kasoma miaka kumi na sita ili aje apime alizeti ambayo mimi niliyeishia la saba ndiye ninayeilima. Binti yangu yupo JKT sasa hivi, matokeo ya kidato cha sita yanatoka mwezi ujao. Ng'ombe ninao. Niuze nimpeleke chuo, au nisiuze?"

Nilimpa jibu la kihadhiri, yaani halikuwa jibu. Nilisema inategemea. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayepokea zawadi asiyoihitaji, akageukia mizani. Makala haya ni jaribio la kumjibu kwa namna pekee ninayoifahamu, nayo ni kurudi nyuma kutazama jinsi swali lake lilivyozaliwa.

Kwa kawaida tunauliza kama shahada ina thamani au haina. Nadhani tunaliuliza swali hilo upande usio wake. Kitu kinachopelekwa sokoni hakina thamani peke yake. Lazima awepo mnunuzi, na awe na fedha mkononi. Kwa sehemu kubwa ya historia ya nchi yetu shahada, na kabla yake vyeti vya chini yake, vilikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa kuliko wote: Serikali. Ndiye aliyesomesha, ndiye aliyepanga nani asome nini, ndiye aliyeajiri, na ndiye aliyebeba hasara mambo yalipokwenda mrama. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi amejitoa taratibu, bila tangazo, na hasara aliyokuwa akiibeba imehamia kwenye zizi la mzee wa Singida.

Tuanze mbali kidogo. Utawala wa Kijerumani ulifungua shule ya serikali Tanga mapema katika miaka ya 1890 kwa sababu iliyo wazi kabisa: ulihitaji watu wa kuandika. Ulihitaji makarani, wakalimani na watoza kodi waliojua Kiswahili cha maandishi. Waingereza walipokuja wakaendeleza mantiki ile ile. Shule ya Tabora iliyofunguliwa katika miaka ya 1920 ililenga kwanza watoto wa machifu, yaani watu waliokwisha kuandaliwa nafasi katika utawala. Kwa upande wa Singida, elimu ililetwa zaidi na misheni. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walijikita Iramba, na Kinampanda ikawa mahali pa kuandaa walimu. Wakatoliki nao walikuwa na vituo vyao Unyaturu.

Sasa hebu tujiweke katika nafasi ya kijana wa Unyaturu au Iramba wa miaka hiyo. Kodi ya kichwa lazima ilipwe kwa fedha. Fedha inapatikana wapi? Wengi walikwenda mbali, hadi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, wakawa manamba. Huko mtu alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini za kazi. Asipozijaza, hakupata mshahara wake kamili. Na aliyekaa kivulini akiandika siku katika kipande cha mwenzake alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa ni mtu mweusi kama yeye, aliyepita shule miaka minne au sita. Hapo ndipo wazee wetu walipojifunza uchumi wa elimu, kabla ya mchumi yeyote kuuandikia kitabu. Karatasi ya shule ilikuwa inalipwa kwa sababu ilimhamisha mtu kutoka kukata mkonge kwenda kuhesabu waliokata mkonge. Haikuhitaji kumfundisha kukata mkonge vizuri zaidi.

Wakoloni walilalamikia jambo hili. Walisema Mwafrika anapenda kalamu na kuchukia jembe, wakajaribu kuleta elimu ya kilimo. Katika miaka ya 1930 walipoigeuza shule ya Nyakato, Bukoba, kuwa ya kilimo, Wahaya waliipinga, maana walijua mishahara iko wapi na wakajua hawakupelekwa huko. Miaka mingi baadaye, mwaka 1965, msomi Philip Foster aliyechunguza shule za Ghana aliiweka hoja hii kitaaluma: alionyesha kwamba wazazi waliokimbilia elimu ya ukarani hawakuwa wajinga wala wavivu, bali walikuwa wanausoma ukurasa wa mishahara kwa usahihi kuliko wapangaji wa mitaala. Nimetaja jambo hili mapema kwa sababu nitalirudia.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961, nchi ilikuwa na wasomi wachache mno. Mwalimu Nyerere, hata katika miaka yake ya mwisho, alipenda kukumbusha kwamba Waingereza waliondoka wakiacha wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Chuo Kikuu kilikuwa kimefunguliwa wiki chache tu kabla, tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Mwaka 1963 mtaalamu George Tobias alitoa ripoti iliyohesabu nchi inahitaji watu wangapi wenye elimu ya juu, na wa fani zipi. Mpango wa kwanza wa miaka mitano, ulioanza 1964, ukaweka lengo kwamba kufikia 1980 Tanganyika ijitosheleze kwa wataalamu wake.

Hapo ndipo mkataba ulipoandikwa, na ninasema mkataba kwa maana halisi. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha za umma alijifunga kuitumikia Serikali kwa miaka 5 baada ya kuhitimu. Serikali iliamua nafasi za masomo kwa kufuata mahitaji yake, na alipomaliza ilimpangia kituo. Kijana wa Kiomboi au Manyoni aliyefika Mlimani hakuwa na haja ya kuandika barua za maombi hamsini. Barua ya uteuzi ilimfuata yeye. Mzazi wake hakuuza ng'ombe. Kama aliuza, ilikuwa ni kununua sanduku la bati na suruali.

Nyerere aliuona upande wa pili wa mkataba huo tangu mwanzo. Alipokuwa akiutambulisha mpango wa 1964 aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, basi ni msaliti. Ni mfano mkali, na kwa mtu wa Singida, mkoa unaoijua njaa kwa majina ya miaka yake, haukuhitaji kufafanuliwa.

Miaka miwili baadaye mfano huo ulijaribiwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo pamoja na mambo mengine yaliwataka wahitimu wafanye kazi miezi 18 wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Nyerere alikasirika, akawafukuza takriban 400, akawarudisha vijijini kwao. Papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi 1967 Elimu ya Kujitegemea.

Tukio hili husimuliwa kama kisa cha vijana wabinafsi na kiongozi mwadilifu, na huenda lilikuwa hivyo. Lakini lina funzo jingine ambalo wanahistoria wetu hawalikazii vya kutosha. Wanafunzi wale walikuwa wakijadiliana bei. Walijua mnunuzi ni mmoja, walijua anawahitaji, wakadhani wanaweza kumpandishia. Naye aliwajibu kama mnunuzi pekee anavyojibu: alifunga duka. Ndani ya mzozo ule wote hakuna upande uliotia shaka jambo moja, kwamba kazi ipo. Waligombana juu ya mshahara na wajibu. Hakuna aliyeandamana kwa sababu ya kukosa ajira.

Kwa muda Serikali ilijitahidi kulinda bei hiyo kwa kubana idadi. Wakati majirani zetu wa Kenya wakijenga sekondari za harambee kila kijiji, Tanzania iliamua kwamba elimu ya msingi ni ya wote, na sekondari ni ya wachache wanaohitajika. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaenda mbali zaidi, likaondoa utaratibu wa kwenda chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita; ilibidi mtu afanye kazi kwanza na apate sifa kutoka kazini na kwenye chama. Kufikia miaka ya 1980 ni takriban asilimia 3 tu ya vijana wa umri wa sekondari waliokuwa sekondari, kiwango cha chini kuliko karibu nchi zote duniani.

Wachumi wawili, John Knight na Richard Sabot, waliligeuza jambo hili kuwa jaribio la kisayansi. Walilinganisha wafanyakazi wa Nairobi na wa Dar es Salaam waliohojiwa mwaka 1980, wakachapisha kitabu mwaka 1990. Waliona kwamba Kenya, kwa kusomesha wengi, ilikuwa imewasukuma wahitimu wa sekondari kushuka ngazi: kazi ambayo zamani ilifanywa na aliyeishia msingi sasa ilifanywa na mwenye kidato cha nne. Tanzania bado ilikuwa na wachache, na wachache hao walikaa ofisini. Lakini waliona pia kwamba Wakenya hao walikuwa na ujuzi zaidi, na ujuzi ulilipa kuliko idadi ya miaka darasani. Kwa maneno mengine, sisi tuliilinda thamani ya cheti kwa kuwafungia wengine mlango, na uchumi mzima ukapata hasara. Ninawakumbusha hili wale wanaosema siku hizi kwamba suluhisho ni kupunguza vyuo. Tulikwisha kulijaribu. Mtoto aliyefungiwa mlango alikuwa wa Mgori na Sepuka, hakuwa wa Oysterbay.

Mnunuzi alianza kuishiwa fedha mwishoni mwa miaka ya 1970. Mshahara wa serikalini ukamalizwa na mfumuko wa bei. Watumishi wenye shahada wakafuga kuku na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba za Serikali, wakauita huo "mradi". Mwaka 1986 Serikali ya Rais Mwinyi ilifunga mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Yaliyofuata wasomaji wa umri wangu wanayakumbuka: kuchangia gharama vyuoni, kusimamishwa kwa ajira, na katika miaka ya 1990 kupunguzwa kwa maelfu ya watumishi wa umma. Mashirika ya umma yakauzwa au yakafa. Mkoani kama Singida, ambako ajira ya maana nje ya ualimu na ofisi za Serikali ilikuwa kwenye RTC, NMC na mashirika ya namna hiyo, kufa kwa mashirika kulimaanisha kwamba mhitimu wa biashara au uhasibu aliyetaka kurudi nyumbani hakuwa na mahali pa kurudi.

Cha kushangaza, ni katika wakati huo huo milango ya vyuo ilipofunguliwa. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa 1992. Mwaka 1995 sheria ikaruhusu vyuo vikuu vya binafsi. Singida yenyewe leo ina kampasi ya Taasisi ya Uhasibu na kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, na mwaka 2007 jirani zetu wa Dodoma walipata chuo kikuu kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kuviwazia. Silalamiki. Mimi mwenyewe nakula kwa sababu ya upanuzi huo. Ninachosema ni kwamba mlango wa kuingilia ulipanuliwa na wanasiasa, mlango wa kutokea ukapunguzwa na wahazini, na hakuna kikao nilichowahi kusikia ambamo makundi hayo mawili yaliketi meza moja.

Lakini historia haikwenda mstari mmoja, na hapa ndipo kisa cha kijana wa mizani kinapoingia. Kuanzia 2004, kwa mpango wa MMES, kila kata iliagizwa kujenga sekondari. Wananchi wa Singida walichangia tofali, mchanga na nguvu zao. Majengo yakasimama, walimu hawakuwepo. Serikali ikachukua wahitimu wa kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache na kuwapeleka madarasani. Wananchi wakawapa jina la utani la "Voda Fasta", kama vocha ya simu. Kisha ukaja wito mkubwa: someni ualimu. Vyuo vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa vikaanzishwa 2005, vyuo binafsi vikafuata, na Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ikawapa wanafunzi wa ualimu, hasa wa sayansi, kipaumbele. Na kweli, karibu kila aliyehitimu katika miaka hiyo alipangiwa kituo bila usaili. Kwa takriban muongo mmoja, mkataba wa 1964 ulifufuka kwa mlango wa nyuma, kwa walimu.

Mtoto wa mkulima aliyeingia kidato cha tano mwaka 2013 alifanya hesabu yake akiwatazama kaka zake. Mkopo upo, ajira ipo. Hesabu ilikuwa sahihi. Baada ya 2015 upangaji wa moja kwa moja kwa mkupuo ukakoma. Mwaka 2016 ajira mpya zikasitishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Na zilipofunguliwa tena, zilifunguliwa kwa vipande. Kijana yule alikuwa tayari chuoni. Kufikia mwanzoni mwa 2025, Serikali ilipoendesha usaili wa walimu, waombaji walizidi 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000, na walimu wasio na ajira wakaunda umoja wao, NETO, kudai kusikilizwa. Kabla ya hapo, Juni 2014, tulikwisha kuona Uwanja wa Taifa ukijaa waombaji zaidi ya 10,000 wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha ile ilizunguka nchi nzima na watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Naomba msomaji atulie hapa, kwa sababu hapa ndipo hoja ya "shahada haina thamani" inapoanguka. Shule aliyojitolea kijana wetu ilikuwa na uhaba wa walimu. Wazazi wa kata ile walikuwa wanachangishana kumlipa posho. Kwa hiyo kazi ipo, ujuzi unahitajika, na aliyesomea yupo tena anaishi kilomita chache kutoka shuleni. Kinachokosekana ni mlipaji. Ukimwambia kijana kama huyo kwamba elimu yake haina faida katika jamii, unamsingizia. Jamii inaihitaji, bali haina bajeti yake. Na ukimwambia "jiajiri", unamwambia mwalimu wa Historia ajiajiri katika historia.

Wengine watasema tatizo ni tamaa yetu ya vyeti. Ipo, lakini nani anailea? Tazama muundo wa mishahara ya walimu. Mwenye astashahada huanza daraja la TGTS B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D. Walimu watatu wanaweza kukaa ofisi moja na kufundisha watoto wale wale, na tofauti ya mishahara yao ikaanzia kwenye karatasi waliyoingia nayo. Ndiyo maana mwalimu wa msingi kule Itigi anatumia likizo zake zote kusomea shahada ambayo haitabadilisha chochote katika somo lake la darasa la tatu. Hajaugua ugonjwa wowote. Anajua kusoma waraka wa mishahara, kama Wahaya wa Nyakato. Na Aprili 2017, Rais Magufuli alipopokea ripoti ya uhakiki iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wengi walishangaa kugundua kwamba baadhi yao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi bila wakuu wao kuona kasoro. Sitetei kughushi. Nauliza tu: kama mtu anaweza kufanya kazi miaka ishirini bila cheti na kazi ikaenda, cheti kile kilikuwa kinapima nini?

Leo tumeambiwa dawa ni amali. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024, na Sera ya Elimu ya 2014 katika toleo lake la 2023, vinafungua mkondo wa amali sekondari. Ninaunga mkono kwa tahadhari ya mtu anayejua kwamba hii ni mara ya nne au ya tano. Kulikuwa na Nyakato, kulikuwa na Elimu ya Kujitegemea, kulikuwa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu katika miaka ya 1970. Kila mara mtaala ulibadilika na jedwali la mishahara likabaki pale pale, na kila mara wazazi waliamini jedwali. Siku fundi wa kuchomelea wa Singida mjini atakapopewa na benki mkopo kwa masharti yale yale anayopewa mtumishi mwenye hati ya mshahara, nitaamini kwamba tumeanza kitu kipya.

Tofauti kubwa na ya zamani iko kwenye nani anapata hasara. Mwaka 1970 mhitimu asiyehitajika ilikuwa hasara ya Serikali iliyomsomesha. Leo amesoma kwa mkopo ambao sheria inamtaka aanze kuulipa miaka miwili baada ya kuhitimu, akiwa na kazi au hana, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake tangu marekebisho ya 2016. Sehemu ambayo mkopo haukugusa imetoka kwa mzazi, na mzazi wa Singida anaitoa kwenye alizeti, vitunguu, kuku na ng'ombe. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka, na wakulima wakanyooshea kidole kupunguzwa kwa ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje. Katika mkoa wangu, basi, uamuzi wa bandarini juu ya mafuta ya mawese unaweza kumsimamisha masomo mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kila Novemba ninao darasani wanaokuja kuniomba niwaombee wafanye mtihani bila kumaliza ada, na najua bila kuuliza kwamba kwao ni mkoa wa wakulima.

Lakini mzee wa gunia alitaka jibu, na mwezi Julai alinipigia simu. Namba alipewa na yule kijana wa mizani. Binti amepata daraja la pili. Safari hii nilijitahidi. Nilimwambia kwamba shahada bado inafungua milango ambayo bila hiyo haifunguki kabisa, kwa hiyo asimnyime. Lakini asiuze ng'ombe kama mtu anayelipia kitu alichokwisha kuahidiwa, kwa maana aliyeahidi hayupo tena. Asiuze mitamba. Auze kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, na abakize mtaji ambao binti ataukuta akirudi, kwa sababu huenda akarudi. Na kozi ichaguliwe na binti kwa kutazama nani atamlipa, awe Serikali, hospitali ya misheni au mtu mwenye mashine ya alizeti, si kwa kutazama jina la kozi linavyopendeza. Akauliza kama ualimu wa Historia haufai. Nikamwambia unafaa sana, ila mlipaji wake kwa sasa ana foleni ndefu.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema ameshauza wawili kati ya sita. Kilichokuwa kinamsumbua kilikuwa kingine. Fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na cheti cha binti kinasomeka kwa jina la babu, wakati vyeti vya shule vyote vinasomeka kwa jina la baba. Alitaka kujua kama hati ya kiapo inapatikana kwa wakili wa Singida mjini au lazima aende Dodoma. Nikamwambia asubiri, nikampigia mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliyesomea sheria, ambaye siku hizi ana duka la vifaa vya ofisi karibu na mahakama.